Kompyuta imelikana lori letu

Leo kompyuta imenibishia kwamba lori halipo, na mimi nimeliegemea.

Sikilizeni nyie.

Neema, mtoto wa dada yangu, ametengeneza mfumo wa kuitia lori letu hapa Mpanda. Mama Zawadi wa Ikola anaandika kwenye simu saa anayotaka dagaa wake wabebwe kesho, kompyuta inamjibu.

Leo ndiyo majaribio. Ikishindikana, mama anahamia lori lingine.

Kaandika saa 3.

Jibu: hakuna lori.

Akapiga simu. "Nyie watu wa Mpanda mnanichezea? Dagaa wameshakauka hawa."

Neema akafungua programu ya kukagulia ujumbe. Jamani, mimi nimetazamana na simba wa Katavi mpaka akaangalia pembeni, lakini hiki sijawahi kuona. Kushoto ujumbe ulivyotoka, kulia jibu lilivyorudi, hakuna kinachojificha.

"Mjomba, ona. Saa 3 ya mama imeandikwa 03:00. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo hiyo ni saa tisa usiku."

"Usiku nani anapakia dagaa?"

"Ndiyo maana imekataa."

Akabadilisha ikawa 09:00, akaniachia nitume. Kidole hiki kimewahi kuwasha trekta lililowashinda mafundi watatu. Nikabonyeza. Kabla sijakiinua, jibu: lori lipo.

Mama Zawadi kakubali. Neema bado anaifundisha kompyuta saa zetu.

Mimi nawauliza nyie mliosoma: huko ilikotoka, siku inaanza usiku wa manane, wanaamka kufanya nini?