Vitabu vya Wenye Tai Ndani ya Chumba cha Kufulia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashine tatu za kufulia zinanguruma kwa pamoja, na mwanamke mwenye aproni ya plastiki amesimama katikati ya mvuke akihesabu mashuka kwa kuyagusa pembe. Hayatazami. Vidole ndivyo vinavyohesabu.

"Wodi ya wazazi, thelathini na mbili," anasema. Mwenzake anasukuma toroli nje, na kelele za magurudumu zinapotelea koridoni.

Kisha anaketi, anavuta droo ya meza ya kupigia pasi na kutoa kitabu kinene chenye picha ya mwanamume aliyefunga tai. Ana dakika kumi kabla mashine hazijasimama.

Hapa wanamwita Profesa. Jina lilianza kama kejeli, lakini siku hizi hata daktari anayetaka koti lake mapema hulitumia, tena kwa adabu.

Profesa ana miaka hamsini na minane. Elimu yake iliishia kidato cha nne. Amefua mashuka ya hospitali hii kwa miaka ishirini na mmoja, na sita ya mwisho amekuwa msimamizi wa wafanyakazi kumi na mmoja. Nyumbani, ndani ya sanduku la bati, ana vitabu thelathini na saba, vyote vya uongozi na namna taasisi zinavyoendeshwa.

"Sikuvitafuta kwa kupenda," anasema. "Nilivitafuta kwa aibu."

Alipopewa usimamizi, alidhani kuongoza ni kupaza sauti. Haikupita miezi minne, wapiga pasi wawili wakaomba uhamisho. Mmoja wao, rafiki yake wa kula sahani moja, alimwambia kabla ya kuondoka: "Dada, ulipokuwa mwenzetu ulikuwa mtu. Sasa umekuwa king'ora."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayeuza vitabu vya mitumba juu ya turubai kando ya barabara.

"Akaniambia, 'Shemeji, nipe kitabu cha kunifundisha kukaa na watu,'" anakumbuka muuza vitabu huyo. "Nikamwonyesha lile rundo la wenye tai. Miaka miwili hakuna aliyeligusa. Nilikuwa nakandamizia turubai lisipeperuke!"

Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Alisoma na kamusi pajani, kurasa tatu kwa siku, wakati wa mapumziko ya mchana. Cha kwanza kilimchukua miezi mitano. Vingine, anakiri, ni maneno matupu. "Mtu anakuhimiza uwe na maono kurasa mia mbili nzima, halafu hasemi uanze saa ngapi."

Lakini kimoja, kilichong'oka jalada, kilimwachia wazo: mahali panapoharibika kila siku, usiharakishe kuuliza ni nani. Fuata njia ya kazi, tangu inapoanza mpaka inapoishia.

Wazo hilo lilipata mtihani miaka miwili iliyopita. Wodi zilikuwa hazina mashuka. Mama aliyetoka kujifungua alilazwa juu ya godoro tupu, na ndugu zake wakafikisha malalamiko kwa katibu wa hospitali. Lawama zote zikawashukia wafuaji. Katibu akatoa siku thelathini: hali isipobadilika, kazi itapewa kampuni ya nje, na watu kumi na wawili watafute pa kwenda.

"Nilirudi hapa nikaanza kuhesabu," anasema Profesa. "Kila siku tunafua, na kila siku stoo tupu. Na shuka halina miguu."

Alichukua uzi mwekundu, akashona alama kwenye pembe za mashuka arobaini, akayaachia yaende. Baada ya siku nane yalikuwa yamerudi kumi na manne tu. Akavua aproni, akaanza kupita wodi moja moja.

Katika wodi ya wazazi, sista mkuu alisita, kisha akafungua kabati lenye kufuli. Ndani mlikuwa na mashuka safi sitini na matatu, yamekunjwa vizuri.

"Niliona haya," anasema sista huyo. "Lakini nikamuuliza: nikikupa yote, halafu kesho usilete, wagonjwa wangu niwalaze juu ya nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Profesa anacheka akikumbuka jibu lake. "Nikamwambia ukweli. Ningeficha pia."

Wodi sita, makabati sita. Kila mmoja alificha kwa kuogopa uhaba, na uhaba wenyewe ulizaliwa na kule kuficha.

Chumba cha kufulia kiligawanyika. "Mimi nilisema awataje leo leo," anasema mpiga pasi mmoja mkongwe. "Tufukuzwe sisi kwa makabati ya watu?" Mpaka leo anaamini sista alistahili onyo, na hamung'unyi maneno.

Profesa alikataa. "Ningewataja, wangeficha mbali zaidi."

Badala yake alibandika ratiba katika kila wodi: mashuka saa moja asubuhi na saa nane mchana, idadi ileile, bila kukosa. Kwa wiki mbili wenzake waliingia kazini saa nzima kabla ya muda, wakifua na kukausha mbio mbio yale machache yaliyokuwepo. Siku tatu hakuna kabati lililofunguka. Siku ya nne, toroli la wodi ya wazazi lilirudi na mashuka safi ishirini, yamefungwa kwa kamba. Sista mwenyewe ndiye aliyewashawishi wenzake wa wodi nyingine.

Siku ya thelathini, wodi zikiwa hazina uhaba tena, katibu aliyekwisha kusikia habari za makabati aliuliza kikaoni ni akina nani waliokuwa wakificha.

"Nilitaka majina," katibu anakiri. "Akaniambia, 'Mkuu, kila mtu alikuwa na sababu, na sababu imekwisha. Majina utayafanyia nini?' Habari ya kampuni tukaiweka kando."

Sasa imebaki miezi ishirini Profesa astaafu, na ameanza kujizoesha kutokuwepo. Mara moja kwa mwezi huchukua siku ya likizo na kumwachia funguo mpiga pasi yuleyule asiyekubaliana naye.

Kwa nini yeye? "Kwa sababu ananibishia. Mtu wa ndiyo, ndiyo, utamwachiaje mashine?"

Mwezi wa kwanza alipiga simu kazini mara tisa. Wa pili, mara nne. Wiki iliyopita hakupiga kabisa. Alikaa uani, akala, akalala usingizi wa mchana.

"Nilijisikia vibaya kidogo. Kumbe wanaweza bila mimi!" anasema, kisha anatabasamu. "Halafu nikafurahi. Siku nitakayoondoka, nataka kazi iende kwa saa yake, mgonjwa asijue kuna aliyeaga. Ukisikia wananitafuta sana, ujue sikuwafundisha."