Kwenye kioo password ilikuwa nukta, kwenye faili ilikuwa wazi

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Shule niliishia ya msingi, naandika polepole, mtanivumilia. Nasema niliyoyaona nyumbani kwetu, siongezi kitu.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ni mtu wa kompyuta. Alitengenezea kituo kimoja cha afya app ya kukumbusha wagonjwa siku ya kuchukua dawa.

Programu aliyotumia kuijenga app na kuipeleka kwenye server inadai password kila mara. Na huku umeme unakatika hovyo, ingawa bwawa la umeme la Mwadingusha si mbali. Ukikatika, kazi inaanza upya, password nayo upya.

Yaya akachoka, akaihifadhi humo humo kwenye programu.

Kwenye kioo zilionekana nukta tu. Akaamini imefichwa.

Siku umeme uligoma kabisa, akabeba folda nzima kwenye flash, akaenda kumalizia kwenye cyber yenye jenereta. Nakala ikabaki kwenye mashine ya pale. Ndani ya folda kulikuwa na faili moja ya ile programu, na humo password imeandikwa herufi kwa herufi.

Kuna mtu aliisoma, akaingia nayo kwenye server. Mpaka leo hatumjui.

Majina ya wanaotumia dawa za ukimwi yakatokea kwenye group la WhatsApp la mtaa.

Jirani yetu mmoja alikuwemo. Jina silitaji, limetajwa vya kutosha. Huyu mama alinilisha bukari, ugali wa kwetu, nikiwa mdogo.

Yaya alibadilisha password siku ileile. Kazi akapoteza. Yule mama akaacha kwenda kuchukua dawa.

Nilimpelekea unga. Nikamuuliza, macho chini, kama atarudi kituoni.

“Miye, kurudi kule? Bantu banacheka mpaka kwenye robinet, nikienda kuchota mayi.”

“Utakuwa mugonjwa, mama.”

“Weye mutoto, uko na roho nzuri. Ambia yaya yako anitoshe mu simu za bantu. Akiweza, nitaenda.”

Kumtoa kwenye simu za watu, hiyo ndiyo kazi yaya hajaiweza.

Amekonda, huyo mama. Namwona kila asubuhi.

Wakuu mnaojenga app, msiamini nukta. Fungueni faili zenyewe mwangalie kilichoandikwa, kabla hamjabeba folda kwenda kwa watu.

Na kama kuna aliyewahi kumrudisha mtu kwenye dawa baada ya aibu kama hii, aniambie alianzaje. Nitajibu polepole, lakini nitasoma yote.