Kinu Hakijajibu

Mjukuu wangu ana ofisi ndogo hapa Karatu mjini, anawapangia safari wageni wanaoshuka kreta. Siku moja nilikaa pale nikimsubiri. Akawasha kompyuta yake, na kabla picha haijatokea, kioo kikajaa maandishi meupe yanapanda mstari kwa mstari kama siafu. Nikamuuliza ni nini hicho.

"Inaamsha huduma zake, Babu. Haziamki zote kwa pamoja. Kuna za kutangulia na kuna za kungoja. Hii ya kuchapa karatasi, kwa mfano, inangoja ile ya mtandao iwe tayari kwanza."

"Na nani anazipanga?"

"Ipo moja, ndiyo mama yao. Inaamka kabla ya zote, na kulala ni ya mwisho."

Mimi niliacha shule darasa la pili, na sioni haya kusema, maana nyumba ninazo na mashine ya kusaga ninayo, na wenye vyeti wanapanga foleni mlangoni kwangu na madebe yao. Lakini maneno ya mjukuu wangu sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mama huyo ninamjua. Nilifanya kazi chini yake.

Ilikuwa miaka ya sabini inakwenda themanini, shamba la kahawa kule juu, pale mibuni inapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Nilitoka Singida na blanketi moja na sweta la kuazima. Kambini tulikuwa mchanganyiko: sisi Wanyaturu, Wagogo wa Dodoma, Wairaqw wa Mbulu, mwenye rozari, mwenye kofia ya kufuma, na asiye na chochote ila kuliomba jua la asubuhi. Nilianza kwa kuchuma. Sikuchuma muda mrefu. Meneja aliona nina mikono ya kazi, akaniweka kiwandani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kimejengwa mteremkoni. Juu kabisa tangi la maji, na maji yenyewe yanakuja kwa bomba kutoka msituni. Chini ya tangi kuna mashine ya kumenya, sisi tukiiita kinu: ngoma ya chuma yenye meno, inazunguka karibu kabisa na bamba, na kahawa nyekundu ikipita hapo katikati inavuliwa ganda. Ubavuni mwa kinu, injini ya dizeli ya kuzungushwa kwa hendeli, na mkanda mrefu unaotoka injini kwenda kwenye ngoma. Chini kabisa, mabirika ya saruji ambamo kahawa iliyomenywa inalazwa mpaka utelezi wake utoke.

Tulikuwa wanne wa kudumu. Mmoja alishika koki ya maji kule juu. Mtani wangu wa Dodoma alikuwa na injini. Mimi kinu. Na mabirika yalikuwa ya Mama, mwanamke wa Mbulu, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mtu akija mgeni alidhani mkubwa wa kiwanda ni injini, kwa sababu ndiyo yenye kelele. Uongo mtupu. Mkubwa alikuwa Mama, na hakuna aliyemteua.

Asubuhi haikuanza mpaka yeye azibe matundu ya mabirika yake na kupaza sauti, "Birika tayari!" Ndipo koki ifunguliwe. Sasa sikiliza, hapa ndipo penye akili. Mtu wa koki hakuruhusiwa kusema maji yamefika. Hilo si lake. Aseme aliyeyapokea, yaani mimi: "Nimeshika!" Ndipo injini iwashwe na mkanda uvishwe. Mtani naye hakuruhusiwa kujisifu kwamba injini inavuta. Niseme mimi ninayeiona ngoma inazunguka na maji matupu. Mama akiyaona maji yameshuka masafi kwake, anaitikia, "Nimeshika!" Hapo tu ndipo wachumaji wamwage kahawa.

Jioni tulirudi nyuma kwa njia ile ile. Kahawa inakoma kwanza. Maji na ngoma vinaendelea mpaka Mama aone hakuna punje inayoshuka. Akisema, mkanda unavuliwa, injini inazimwa, koki inafungwa, na yeye anaondoka wa mwisho. Ukizima ovyo, punje zinalala kinuni, na punje iliyolala humo inaoza, na kesho harufu yake inaingia kwenye kahawa yote. Nimeona kiwanda cha jirani kikirudishiwa mzigo mzima kwa uvivu wa namna hiyo.

Nilipokuwa mpya nilimuuliza Mama alikojifunza mpango huo.

"We Mnyaturu, kwenu hamjengi tembe?"

"Tunajenga, Mama."

"Udongo wa paa mnaupandishaje?"

"Kwa vikapu. Mmoja anampa mwenzake."

"Na wa chini anaachia lini?"

"Wa juu akisema ameshika."

"Sasa unaniuliza nini?"

Mtani akadakia kutoka kwenye injini, "Kwao vikapu vinapanda vitupu, Mama. Njaa ilishakula mpaka udongo."

"Na kwenu Dodoma," nikamwambia, "mnaezeka vumbi, upepo ukija mnaifuata nyumba Manyoni."

Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu vizibo vyake.

Basi ikaja siku moja ya kilele cha msimu. Ukungu umeshuka, baridi, nimevaa lile sweta. Kahawa imerundikana uani kilima kizima, na kahawa nyekundu haisubiri kesho. Isipomenywa siku ile ile inaanza kuchacha. Mchana, kinu kikiwa kimejaa, maji yakakatika. Yalikatika mara moja, bila dalili. Kahawa bila maji ikakwama kati ya ngoma na bamba, ngoma ikagoma, injini ikakoroma mara chache na kufa yenyewe. Mkanda ukabaki umevaa vile vile.

Mtu wa koki akapiga kelele, "Tembo!" Walikuwa wameteremka pembeni mwa msitu wakafukua bomba, maana tembo ananusa maji chini ya ardhi kama wewe unavyonusa pilau. Wanaume wakapanda na majembe na madebe ya kupiga makelele. Mtani akaenda nao.

Mimi nikabaki kukisafisha kinu. Kazi hiyo haikuwa na kifaa. Kifaa ni mkono. Nikapiga magoti upande wa nyuma, nikaingiza kichwa na mabega chini ya bati linalofunika kinu, na mkono wa kulia mpaka begani kati ya ngoma na bamba, nikawa nachokonoa maganda. Nilipotaka kuutoa, meno ya ngoma yakawa yameshika mkono wa sweta. Kila nikivuta, sweta linazidi kujisokota. Nikaita. Sauti ikanirudia mwenyewe ndani ya bati.

Na wakati huo huo maji yakarudi. Walishaunga bomba. Yaliteremka kwa nguvu juu ya lile bati, mvumo mtupu, nami chini yake sisikii kitu wala sisikiki.

Yaliyotokea nje nimesimuliwa na mtani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Wamerudi, yeye amekwisha kushika hendeli. Meneja ameteremka kwenye Land Rover, ameitazama kahawa uani, ameitazama saa.

"Maji yapo. Washa!"

Lakini Mama alikuwa ameshaanza kuita, kwa sababu kwake kilichokufa chenyewe hakiamshwi kutoka katikati, kinaanzwa upya.

"Birika tayari! Maji!"

"Koki iko wazi!" akajibu wa koki.

"Kinu!"

Kimya.

"Kinu!"

Kimya.

"Ameenda chooni huyo," meneja akasema. "Washa, kahawa inaoza!"

Mtani anasema alimtazama meneja, akamtazama Mama, na hendeli anayo mkononi. Mzunguko mmoja tu wa hendeli, mkanda ukiwa umevaa, ngoma ingezunguka nao.

"Hajajibu, bosi."

"Nimekwambia yuko chooni!"

"Akitoka chooni atajibu."

"Mimi ndiye meneja hapa!"

"Najua, bosi. Lakini wewe si kinu."

Meneja akageuka, akapaza sauti kuelekea chini, "Haya, Mama, kinu yupo! Nimejibu mimi!"

"Sijamuuliza meneja," Mama akajibu. "Nimeuliza kinu."

Meneja mwingine angewafukuza kazi papo hapo, yeye na mtani wangu. Meneja yule hakuwa mpumbavu. Alisimama kidogo, kisha akaja kuzunguka kinu kwa miguu yake mwenyewe, kwa hasira, aje anitafute. Akaona miguu yangu imetokeza chini ya bati.

Mimi nilihisi mtu amenishika kiunoni. Akachomoa kisu chake, akaingiza mkono pembeni mwa wangu, akakata sweta. Nikatoka nimelowa, nimejaa maganda, mkono mwekundu lakini mzima. Meneja amechuchumaa, kofia ameivua, uso umekuwa kama majivu. Mtani alikuwa ameweka hendeli chini, ameikalia.

Mama akaita tena kutoka chini, sauti ile ile, kama vile hakuna kilichotokea: "Kinu!"

Nikajaribu kuitika, koo halina sauti. Meneja akafungua mdomo kunisaidia, halafu akaufunga mwenyewe. Walinisubiri wote. Kahawa imelala uani inachacha, na watu wazima wamesimama wanamsubiri kibarua wa Singida apate sauti yake.

"Nimeshika!" nikasema.

Ndipo mkanda ukavuliwa, injini ikawashwa, mkanda ukavishwa tena, na kazi ikaenda hatua kwa hatua kama asubuhi. Kahawa yote tuliimaliza kabla giza halijaingia, na Mama akabaki nyuma kama kawaida, anachungulia maji yake kama kuna punje.

Baadaye nilimshukuru. Akasema, "Sikukuona. Ungekuwa chooni ningekusubiri vile vile." Watu wengine wangeudhika kwa jibu hilo. Mimi ndilo ninalomheshimia mpaka leo. Hakuokoa mtu kwa sababu alimwonea huruma, wala kwa sababu aliota. Aliita, hakujibiwa, akangoja. Ni wangapi wanaweza kungoja na mkubwa anawapigia kelele?

Nilipojinunulia mashine ya kusaga hapa mjini, kitu cha kwanza nilichowafundisha vijana ni hicho. Wananicheka. Wacheke. Hakuna aliyewahi kuacha kidole kwangu.

Sasa juzi nilikuwa tena ofisini kwa mjukuu wangu, jioni, anafunga. Akaizima kompyuta, maandishi meupe yakarudi, safari hii huduma zinalala moja moja. Halafu yakasimama. Mstari mmoja tu umebaki, unapepesa.

"Unaona sasa," akasema. "Kuna huduma moja imegoma kulala, mashine yote inaingoja hiyo. Naikatia umeme mimi, basi langu limeshapiga honi."

Akapeleka mkono kwenye swichi ya ukutani. Nikaushika.

"Inaingoja ijibu?"

"Ndiyo, Babu, lakini wakati mwingine ni ujinga tu, haina kazi yoyote..."

"Unajuaje kama haina mkono ndani?"

Akanitazama, akacheka, akaketi juu ya meza. Basi likapiga honi mara nyingine, likaondoka. Niliutazama ule mstari unapepesa nikawaza hendeli imelala chini na mtani wangu wa Dodoma ameikalia.

Kioo kikawa cheusi.

"Imejibu, Babu," akasema, akachukua mkoba wake.