Gamba Chini ya Mlamula

"Bibi, usiliguse hilo, lina sumu!"

Binti wa mapokezi alinipigia kelele kana kwamba nimeshika nyoka. Nilikuwa nimefika Muleba mchana ule, nimechukua chumba kwenye gesti yao mpya ya barabarani, na juu ya kaunta palikuwa na gamba la konokono wa baharini, la kahawia lenye mabaka, refu kama kiganja changu. Akasema mwenye gesti alilikuta kwenye nyumba ya zamani waliyoibomoa. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Sumu! Mwenzangu, miaka yote hii, na uongo ule ule bado una wateja.

Enzi za Mwingereza, pale pale ilipo gesti hiyo, palikuwa na kibanja cha bibi yangu. Migomba, mibuni, na chini ya mbuni mkubwa kuliko yote, kaburi la babu. Kwetu kibanja ni cha yule ambaye wafu wake wamelala humo. Kazi yangu ilikuwa kutandaza nyasi kwenye migomba na kuanua buni mikekani kabla ya mvua, na mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya mgomba juu ya chungu cha ndizi, ni kama bibi ananiita nikale.

Jirani yetu alikuwa mtu wa ovyo. Alikwenda pwani kumpikia mzungu, akarudi na koti kuukuu la bwana wake, fimbo, na lile gamba. Tangu hapo akawa haongei tena, anatangaza. Ati konokono wake ana jino kama sindano, humchoma samaki akammeza mzima, na mtu akichomwa huenda asifike jioni. Hapo alisema kweli, na sikumbuki mara nyingine. Uongo ulianza aliposema sumu hubaki kwenye gamba hata konokono akifa. Nasi watu wa ziwani, tuliozoea vikonokono vya Kemondo visivyomdhuru hata mtoto anayetambaa, tukameza yote kwa mkupuo. Hata katekista! Alikuwa akipita mbali, akijifanya anatazama ndege.

Basi jirani akaung'oa mlamula, ule mti tunaoupanda kuonyesha mpaka, akaupanda upya ndani ya kibanja chetu. Kaburi la babu likawa upande wake. Shinani akalisimika gamba lake. Bibi akamwita mkungu, yaani mkuu wa kijiji, aje aamue. Mkungu yule! Tumbo mbele, sauti nyuma. Jirani akamwambia, "Mwenye haki alitoe gamba. Tuone kama ataiona kesho." Mkungu akakohoa, akasema jua limekuwa kali, shauri litaendelea siku nyingine. Mwanamume mzima!

Siku zile bibi hakula vizuri. Alikuwa akinitazama nikipika, halafu anauliza, "Wakimchukua babu yako, mimi nitazikwa wapi?"

Asubuhi ya shauri nikamwona anaelekea kwenye mlamula. Nikalia, nikamng'ang'ania nguo. Akanisukuma kando, akaling'oa gamba kwa mkono mtupu kama mtu anayechimbua kiazi, akalisugua kwa majivu.

"Nimezika mume," akasema. "Nitaogopa konokono?"

Unaijua desturi yetu. Mgeni hapokewi bila akamwani, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa, za kutafuna. Mwenye nyumba hutangulia kutafuna moja ili mgeni ajue hakuna ubaya, na mgeni akikataa amekutukana mbele za watu. Siku zote bibi alizitoa kwenye kikapu kidogo. Siku ile, wazee walipokwisha kukaa, akatoka na gamba. Akalitikisa, buni zikamwangukia kiganjani. Akatafuna, na kwa ule ukimya nikayasikia meno yake. Kisha akapiga magoti kwa adabu zote mbele ya jirani.

"Karibu akamwani, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima.

Ungeuona uso ule! Akikataa, amemtukana mjane mbele ya kijiji. Akila, gamba lake ni takataka. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola ya koti la watu. Akapokea moja, akaitafuna kama mtoto anayemezeshwa kwinini. Mkungu, shujaa wa ghafla, akanyoosha mkono naye apewe. "Mlamula urudi mahali pake!" akanguruma, utadhani yeye ndiye aliyeling'oa lile dude. Ukarudi jioni ile ile, na bibi alipofariki tulimlaza kando ya babu. Gamba tuliliacha ndani, la kuwekea akamwani.

Halafu binamu zangu, wenye suruali zilizopigwa pasi, wakauza kibanja na waliolala humo. Jirani alihitaji uongo, gamba na koti la mzungu ili amchukue babu, na bado akashindwa. Hawa hawakuhitaji hata kuongopa.

Nilitoka nje na pakiti ya akamwani niliyoinunua Bukoba. Nikautazama mlima, ambao haukuhama, nikapima kwa macho: mlamula ulikuwa pale, mbuni mkubwa pale. Sasa ni saruji tupu, maegesho ya wageni. Nikatafuna moja kwanza, kama inavyotakiwa, kisha nikaweka mbili chini, ya babu na ya bibi.

Dereva akapiga honi nimpishe. Nikapisha. Akarudisha gari nyuma, akazisaga.