Nakala Moja ya Kionga

Ipo Jumamosi moja ya Kionga ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata leo na mvi zangu hizi, mwili hunisisimka. Nakusimulia wewe kwa sababu jana nilikuona umejikunyata barazani na simu yako, unafungua na kufunga duka lile la mtandaoni, kutazama kitabu chako kimesogea mbele au kimerudi nyuma. Uliponiambia unataka kukiondoa na kuacha kuandika, usiku kucha nilitafuta pa kuanzia kukujibu. Maana ugonjwa huo niliuugua mimi kabla yako.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa katika bahari yetu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Palma, profesora kama tulivyoitwa, kijana bado, mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Helikopta zilipita juu ya minazi mpaka kuku wakazizoea. Wageni walipanga vyumba ambavyo mwaka uliotangulia tulifugia mbuzi, na samaki wakapanda bei hadi sisi wenye bahari tukaanza kula maharage. Kila mtu alizungumza kwa tarakimu: gesi ni nyingi kiasi gani, meli ina urefu gani, fulani analipwa nini. Kwa mara ya kwanza dunia ilikuwa inatuhesabu, nami nikaona haya kubaki nje ya hesabu.

Nilikuwa nimeandika kitabu. Kilihusu visima vya vijiji vyetu, kutoka Palma hadi karibu na Ruvuma: nani alikichimba, katika njaa ipi, nani alifia ndani, kwa nini maji ya hiki ni matamu na ya jirani yake yana chumvi. Nilikiita *Waliochimba Maji*. Mengi niliyapata kwa Bi Mwanaisha wa Kionga, aliyenifundisha alifu kwa kijiti utotoni, mwanamke mkavu wa maneno ambaye chuo chake cha Qur'ani kilikuwa ua wa nyumba yake. Hakuna mchapishaji aliyekitaka kitabu kile, nikakichapisha mwenyewe, kwa msaada wa binamu yangu aliyekaa Pemba, si kile kisiwa bali mji wetu huku Msumbiji, kwenye mtandao wenye nguvu kuliko wetu. Kikaingia katika duka la mtandaoni, ambako mtu akinunua ndipo nakala hupigwa chapa huko ng'ambo na kutumwa.

Duka lile lilikipa kila kitabu nafasi yake ya mauzo, kama wanafunzi wanavyopangwa darasani. Cha kwanza ndicho kinachouzika kuliko vyote. Changu kilikuwa cha milioni mbili na ushei. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliiona namba ile akadhani ndizo nakala zilizouzwa. Akaenda msikitini akashukuru, na kabla ya alasiri shemeji zangu wawili walikuwa wamefika kunijulia hali kwa upendo nisiouzoea. Ilibidi niwaeleze wote kwamba namba ikiwa kubwa ndiyo aibu yenyewe. Mume wangu alifikiri kidogo akauliza, "Sasa hao milioni mbili waliokutangulia, wameandika nini?"

Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwahi kuuza kitabu, mwanangu. Changu nilikitembeza mpaka nikachoka. Kila mapumziko nilikwenda nyuma ya shule, mahali pekee simu iliponasa mtandao, nikatazama namba. Siku moja nikaikuta imeshuka ghafla hadi laki mbili hivi. Nilirudi darasani nikipiga vigelegele, na watoto wakavipokea bila kujua sababu. Kumbe katika duka lile nakala moja tu ikiuzwa inatosha kukurusha namna ile, kwa kuwa mamilioni ya wenzako hawajauza hata hiyo moja. Baada ya siku chache kitabu kilirudi kilikotoka, na hakikuinuka tena. Mtu mmoja. Sikujua ni nani, na nilimchukia kidogo kwa kuwa peke yake.

Ndipo nikaazimia kukifuta, na cha pili nisikiandike. Cha pili kilikuwa cha vijiji vilivyobaki, na Bi Mwanaisha alikwisha kuniahidi kunipeleka mwenyewe kwa wazee wanaovijua visima vya huko. Wazee hao walikuwa wakituondoka mmoja mmoja. Nilijua nikiacha mimi, hakuna mwingine wa kuwauliza. Vijana wenzangu waliosoma walikuwa wakihangaika na Kiingereza wapate kazi za kampuni, na mimi mwenyewe nilikwisha kuitwa ukalimani. Lakini sikuwa na uso wa kumvunjia ahadi mwalimu wangu kwa simu. Jumamosi hiyo nikadandia gari la mizigo hadi Kionga nikamwambie ana kwa ana.

Nilipiga hodi nikakuta ua umejaa wanawake juu ya mikeka, kila mmoja na kapulana yake, kanga ya kwetu, kichwani. Nikadhani ni hitima, nikajiuliza nani amefariki. Hitima unaijua: msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila juzuu na jalada lake, kila mtu hushika yake, wote husoma kwa pamoja, na Qur'ani nzima hukamilika kabla wali haujaiva. Nilivua viatu, nikainamisha kichwa kama mfiwa. Kisha nikaliona jalada la kitabu changu, lile la buluu nililobishania rangi na binamu yangu wiki nzima. Lilikuwa limelazwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Nakala ile moja iliyonirusha moyo ilikuwa hiyo. Aliyeinunua ni mtoto wa Bi Mwanaisha, mpishi katika meli ya kutafuta gesi. Mgeni mmoja wa kazini kwake alimlipia kwa kadi, akamletea aliporudi kutoka likizo, naye akampa mama yake zawadi. Mama akachukua kisu cha kupasulia samaki, akakata mgongo wa kitabu, akakigawa vipande. Kila kipande alikishona kwa uzi wa nyavu na kukivika jalada la katoni ya sabuni.

Nilisikia moto kichwani. Heshima yote ya mwanafunzi kwa mwalimu wake ikanitoka.

"Bi Mwanaisha," nikasema, "mmenichania kitabu changu."

Wala hakuinuka. "Kuchana ni kazi ya panya," akasema. "Sisi tumekikata. Kitabu kimoja, watu ndio hawa unaowaona. Ulitaka tukisubiriane mpaka nani afe? Na usinitazame hivyo, Zaina, hii si ibada. Qur'ani ina daraja yake. Tumeazima mgawo tu. Haya, kaa, umechelewa. Chako hiki hapa."

Nilikaa ili nione walichokifanya, si kwa utii. Nilipofungua kipande changu sikukuta chapa yangu. Nilikuta wino wa mkono, herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili, na ilinichukua muda kutambua kwamba ninasoma sentensi yangu mwenyewe. Wengi wa wanawake wale hawakuingia shule ya Kireno, lakini chuoni walipita. Basi mwalimu wangu, kwa mkono ule uliokwisha kuanza kutetemeka, alikuwa amewanakilia vipande vyao herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma kabisa aliketi ubavuni mwa anayejua, akashika pembe ya ukurasa.

Bi Mwanaisha akasema bismillahi, wakaanza wote kwa pamoja.

Mwanangu, niliogopa. Sikutishwa na mtu; ni ile hofu inayomwingia mtu akiona jambo kubwa kuliko mikono iliyolifanya. Mbele yangu kisima kilikuwa kinachimbwa. Kushoto kwangu mtu alikuwa anafia ndani yake na mkewe anaitwa. Nyuma yangu njaa ilikuwa imekwisha na mvua inanyesha. Visima vyote vilijaa maji kwa wakati mmoja, katika ua ule mdogo, kwa sauti za chini za wanawake waliokuja kutoka mashambani na matope yangali miguuni. Nilikuwa nimekiona kitabu changu tu mpaka siku ile, sikuwahi kukisikia. Nilikifunga kipande changu nikawasikiliza wao.

Waliponyamaza, bibi mmoja aliyepungukiwa na macho akauliza mwandishi ni yupi. Wakamwelekeza kwangu. Akaja kwa kupapasa, akanishika mkono.

"Profesora, kisima cha pwani umesema alichimba babangu. Kweli, alichimba. Udongo aliutoa nani? Mamangu, kwa kichwa chake, na mimba yangu tumboni. Nimesikiliza kote, hayumo."

Nikamwambia nitamtia.

"Lini?" akauliza. "Maana mimi siku zangu si nyingi."

Lile neno nililokwenda nalo halikutoka tena. Tulipokuwa tunakula, Bi Mwanaisha aliniuliza nilikuja na lipi, nikamjibu limenipotea. Alilijua, mtu aliyekufundisha kusoma hukusoma hata ukifumba mdomo. Alinisogezea kitoweo akasema, "Duka lako linahesabu wanaolipa. Huku uani halioni. Usilitukane kwa upofu wake, na usilifanye kadhi wako."

Ukalimani nikauacha. Tulizunguka vijiji, yeye akiuliza na mimi nikiandika, na yule mama wa udongo nikamweka ukurasa wa kwanza. Binti yake alisomewa akiwa hai, alhamdulillahi. Na kitabu hicho cha pili, ukitaka kujua, hakikupata nafasi bora kuliko kaka yake.

Kisha vita vikatufikia, ikaja miaka ya kukimbia, ambayo leo siizungumzi. Nilikuwa Pemba, katika foleni ya maji, pamoja na watu waliotoka kila kijiji cha kwetu. Mwanamke nisiyemjua alikuwa akiwapumbaza wenzake kwa habari za kisima cha pwani na mke aliyebeba udongo na mimba tumboni, kwa maneno yangu, hata pale nilipopumua ndipo alipopumua. Nikamwuliza ameyasikia wapi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni. "Hizi ni habari za kwetu, mama," akasema. "Kila mtu anazijua." Nilijaza ndoo yangu nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu.

Basi, mwanangu, usikiondoe kitabu chako. Sikuambii usiuze, njaa haina adabu, na mwandishi naye ana tumbo. Namba itazame ukitaka, kisha uizime simu ukaulize nani hayumo katika ulichoandika, umwendee angali hai. Hiyo ndiyo kazi, na haisubiri nafasi yoyote ya duka. Ukiona mtu amekishika kitabu chako vibaya, amekikunja, amekipaka mafuta ya samaki, usikimbilie hasira kama mimi. Keti kwanza usikilize.

Mungu akupe wasomaji wengi, dua hiyo sikunyimi. Ila ikiwa riziki yako ni mmoja tu, akupe mwenye kisu na uzi. Amina.