Santuri Zilizoanikwa Kichanjani

Njia nzima kutoka Kalangalala hadi Mwadui roho ilikuwa juu juu. Mjane wa mhudumu wa klabu ya zamani ya mgodini alikuwa ametunza santuri za rokenrol nilizozisaka miaka mingi. Jua lilichoma kweli, na santuri na jua haviivi chungu kimoja. Nilimpigia simu njiani nimwambie asizitoe nje, hakupokea.

Nilipofika nilimwamkia shikamoo huku macho yakihangaika uani.

“Marahaba, mwanangu. Nimeziosha zote, mgeni hapewi vitu vya vumbi.”

Zilikuwa zimeanikwa kichanjani kando ya masufuria, zimepinda kama majani makavu. Nilitaka kufoka, nikaishia kuinua moja na kuirudisha taratibu.

Akanitengea ugali na maziwa mgando, akafuta mikono.

“Haya, tuanze kupiga ipi? Tangu baba yao afariki sijazisikia.”