Shamba la Ryoba

Benchi la wageni katika ofisi ya mbunge, Tarime, lilikuwa na mguu mbovu, na mtu pekee aliyejua kulikalia bila kuyumba alikuwa Agustina. Mwaka wa nne sasa alikuwa akifika hapo na karatasi ileile, akiomba sheria ya bangi ipunguzwe ukali: mtu wa miche michache asihukumiwe sawa na tajiri wa magunia. Mwanawe Ryoba alikuwa gerezani, miaka thelathini.

"Shikamoo mama. Mheshimiwa yuko Dodoma," alisema Kisyeri, katibu wa mbunge.

"Marahaba mwanangu. Hata juzi alikuwa Dodoma. Nitamsubiri hapahapa."

Diwani alikuwa akimwona kwa mbali anakata kona. Hata mbunge wa jirani, wa Serengeti, Agustina alimvizia mazishini kule Morotonga, akamkabidhi karatasi mheshimiwa akiwa na tonge la ugali mkononi. Watu wakamwita Mama Bangi, wakicheka. Hawakujua jina hilo lilimstahili kiasi gani.

Maana miche ile ilikuwa yake. Wakati huo dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu, na Ryoba alishinda ndani ya shimo machimboni, wiki tatu hajakanyaga nyumbani. Agustina akapanda bangi katikati ya mihogo, apate mabati ya kuezekea. Polisi walipokuja waliuliza, "Shamba hili la nani?" Sasa, kwao Wakurya mjane hasemi shamba ni langu. Mume akifa, shamba huitwa la mtoto wa kiume, hata kama mtoto mwenyewe hajawahi kulishikia jembe.

"La Ryoba," alijibu, kama alivyojibu kila siku.

Aliposhtuka walikuwa wameshaandika. Wakamfuata Ryoba machimboni, wakamtoa na tope mwilini.

Mahakamani Agustina aliogopa, akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa hukumu. Ryoba alijua kila kitu. Alimtazama tu, akasema, "Mama, uangalie ng'ombe." Tangu siku hiyo hakuna chakula kilichompita kooni bila kumkumbusha maneno hayo.

Hatimaye mbunge wa Tarime alikuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu sheria ile, darasani, shule ya msingi. Agustina alisimama. Karatasi aliiacha kwenye dawati.

"Mheshimiwa, bangi ile ilikuwa yangu. Niliipanda mimi. Ryoba hakujua lolote. Nifungeni mimi, mumwachie."

Mbunge alivua miwani, akajifuta macho.

"Mnasikia uchungu wa mama?" aliwauliza watu. "Yuko tayari kufungwa kwa ajili ya mwanawe! Huyu nitamtaja bungeni."

Wanawake walipiga vigelegele.

"Sikusema hivyo! Niliipanda kwa mikono hii!"

"Tumekuelewa, mama. Kaa upumzike."

Mtu akamletea soda. Agustina akakaa nayo mkononi, aibu imemjaa, watu wakimpa pole na kumsifu. Aliyaogopa maneno yale miaka yote, na sasa ameyatoa, hakuna wa kuyapokea.

Kisyeri alichuchumaa kando yake na daftari.

"Mama, nijaze fomu ya maombi yako kwa mheshimiwa. Shamba lilikuwa la nani?"

"Langu."

Kisyeri, Mkurya mwenzake, alitabasamu kwa upole, akaandika: la Ryoba.